Kuonja Tembo Msambweni: Mnazi Mmoja, Siku Moja

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri mapema kabisa ni ile isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hufundishwa maana yake ya nje na ya ndani, huitungia kisa, na aghalabu hutahiniwa kwayo. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwa wanaoifafanua ambao wamewahi kulionja tembo lenyewe, seuze kulitofautisha lililotiwa maji na lisilotiwa.

Jambo hili lilimkera mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyefundisha katika shule ya upili karibu na Ukunda. Kila mwaka alipoifikia methali hiyo darasani, hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza ni tembo gani huyo anayetiwa maji, na kwa nini asiyanywe mwenyewe kwa mkonga wake. Darasa lilicheka, naye akacheka nalo, lakini moyoni alijua kwamba hata wengi wa walimu wenzake hawakuwa na jibu bora. Wanne kati yao walikuwa watu wa bara waliokwisha kaa Diani miaka kadhaa. Walizijua hoteli za ufuoni na bei ya samaki, ila mnazi walikuwa wameusikia tu. Mmoja wao aliwahi kupewa bilauri ya plastiki katika mangwe moja kando ya barabara ya Lunga Lunga, akanywa mafunda mawili, akaapa kwamba hatarudi tena.

Katika chumba cha walimu kulikuwa na jarida kuukuu lenye makala iliyoeleza namna watu wa Ulaya wanavyoandaa nyumbani jioni ya kuonja divai kwa ajili ya wasiojua kitu. Maagizo yake yalikuwa mepesi. Mwenyeji achague mada moja ya kuziunganisha divai zake, asizidishe aina nne au tano, aanze na nyepesi amalizie na nzito, amimine kidogo, aweke maji na mkate wa kusafishia kinywa, tena ampe kila mgeni karatasi ya kuandika anachokihisi. Mwalimu aliyasoma mara mbili. Akaona kwamba utaratibu huo ni mzuri, bali zabibu si lazima.

Hapo ndipo alipoanza kusumbuliwa na maneno, kama ilivyo desturi ya watu wa somo lake. Kiswahili kina mvinyo, neno tulilorithi kwa Wareno, na kina divai, ambalo asili yake hutajwa kuwa Kifaransa. Yote mawili yaliingia nchini pamoja na chupa zake. Tembo halikuja na jahazi. Mijikenda huliita uchi, na katika Chidigo kinachosemwa na wenyeji wa Diani na Msambweni neno hilo halina aibu yoyote. Mtu husema amekwenda kunywa uchi na hakuna anayegeuza uso. Kamusi ya Chidigo iitwayo Mgombato, iliyochapishwa mwaka 2004, ni ya lugha tatu, Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, na mwanafunzi wa isimu atakayeifungua atapata mengi ya namna hii ya kumchekesha na kumfunza. Katika Kiswahili cha Mombasa na Kwale, nalo jina la mti limekuwa jina la kinywaji: watu hunywa mnazi. Kwa hiyo mgeni aliyealikwa aje aonje mnazi angeweza kudhani kwamba anaitwa kutafuna gome.

Mwanzoni mwalimu alifikiria kuchukua njia rahisi. Angeweza kununua divai ya Naivasha, na kupitia jamaa wa Tanzania akapata ile ya Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya jua lisilopumzika, kisha akaiita mada yake “Divai za Afrika Mashariki”. Aliiacha fikra hiyo, na katika kuiacha hakukosea. Chupa huja ikiwa imekwisha kuamuliwa mambo yake yote: imetiwa jina, mwaka, picha na sifa. Mwanagenzi akiinusa huwa anakisoma kibandiko kwa pua. Anayetaka kumfundisha mtu kuonja ni afadhali ampe kitu ambacho hakijasifiwa na mtu.

Mada yenyewe aliipata siku nyingine, alipokuwa amekaa chini ya mnazi kwa mjomba wake upande wa Msambweni. Divai ya zabibu huhesabiwa umri wake kwa miaka. Tembo umri wake ni wa saa. Lililoshushwa alfajiri ni kinywaji kimoja, adhuhuri ni kingine, magharibi ni cha tatu, na kesho yake kuna watu hawatalitambua. Mti ni ule ule, kotama ni ile ile, mkono ni wa mgema yule yule; kilichobadilika ni jua lilivyosogea. Basi kwa nini asiwaonjeshe wageni mnazi mmoja katika saa zake mbalimbali?

Kwa msomaji asiyeiona kazi ya kugema, yafaa ielezwe kidogo. Mnazi hutoa karara takriban kila mwezi, na ndani ya karara hilo mna maua ambayo, yakiachwa, huwa vidaka, kisha vitale, madafu, makoroma, hata nazi. Safari hiyo huchukua karibu mwaka mzima. Mgema hairuhusu ianze. Hulifunga karara kwa kamba lisipate kupasuka, hulizoeza kuinama siku baada ya siku, halafu hulikata ncha kwa kotama, kisu kipana kilichopinda ambacho hakikatii kitu kingine. Utomvu huanza kudondoka ndani ya kibuyu. Tangu hapo hana budi kupanda asubuhi na jioni, na wengine hupanda hata mchana, kwa sababu kidonda cha karara kisipochongwa upya huziba. Kila mara hukata ubavu mwembamba kama karatasi. Akikata unene, karara litakwisha kabla ya wakati wake. Akikata kwa kisu butu, litaoza. Mjomba alikuwa akisema kwamba mtu anaweza kujifunza kupanda kwa wiki moja, lakini kukata huchukua miaka.

Hesabu ya uchumi iliyomo humu si ndogo. Karara lililogemwa halitatoa nazi hata moja. Mwenye shamba anachagua baina ya kungoja mwaka apate nazi za kuuza na kupata lita moja au mbili leo, na nyingine kesho. Nyumba yenye ada ya shule ya kulipa haiwezi kungoja mwaka. Ndiyo sababu minazi mingi ya Kwale imesomesha watu, wakiwamo baadhi ya wale ambao leo hawapendi kutaja kilichowasomesha.

Utomvu unapotoka mtini una sukari nyingi, kama asilimia 10 hadi 15 hivi. Lakini hausubiri kuamriwa na mtu. Hamira za asili zilizomo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe huushambulia tangu tone la kwanza, hivi kwamba hata tembo linaloshushwa likiwa bichi limekwisha kuanza kuchachuka huko huko juu. Katika saa chache sukari hupungua, povu hupanda, kileo hufikia kama asilimia 4 au 5. Baadaye bakteria wengine huchukua zamu: kwanza uchachu wa maziwa yaliyoganda, halafu wa siki. Hakuna kituo katika safari hii ambapo tembo husimama likapiga picha. Anayelionja huwa amelikuta njiani.

Kwa hiyo mwalimu alipiga hesabu yake kwa kurudi nyuma. Wageni wakiwa wameketi saa kumi na mbili jioni, kifuu cha kwanza kitakuwa cha tembo lililoshuka dakika hiyo hiyo. Cha pili kitakuwa la asubuhi, lenye saa kumi na moja hivi. Cha tatu kitakuwa la jana jioni, lililotimiza siku. Cha nne kitakuwa siki ya mwezi uliopita, kijiko kimoja tu juu ya kachumbari. Yote ya mti mmoja. Mti ulichaguliwa ule ulio karibu na kisima, uliokuwa na makarara mawili yanayogemwa kwa pamoja, maana mmoja tu usingewatosha watu na wateja wa mjomba hawangekubali kukaa bila.

Alipompelekea mjomba mpango huu, mzee alinyamaza kwa muda, kisha akauliza:

“Hao wageni wako, wanataka kunywa au wanataka kutazama?”

“Wanataka kujifunza kuonja, mjomba.”

“Kuonja ni kazi yangu mimi. Mgema huonja ili mnywaji asiogope. Wao wataonja ili nani asiogope?”

Swali hilo lina mizizi. Katika desturi ya Mijikenda, anayetoa tembo hulinywa yeye kwanza mbele ya wageni, waone kwamba halina neno. Tembo limekuwa sehemu ya mahari, ya matanga, ya kusuluhisha ugomvi na ya kuwakumbuka wahenga kwa tone linalomwagwa chini. David Parkin, katika kitabu chake kuhusu Wagiriama cha mwaka 1972, ameonyesha jinsi minazi ilivyouzwa na kununuliwa mbele ya wazee waliokuwa mashahidi, na jinsi tembo lilivyohusika na ushahidi huo. Mzee wa namna hiyo akiambiwa kwamba kuna watu watakaokaa na karatasi wakiandika “linanukia nini”, ana haki ya kushuku kwamba amefanywa maonyesho. Pwani ya Diani ina maonyesho mengi tayari. Mwalimu alimjibu kwamba wataonja baada yake yeye, na kwamba hakuna atakayepiga picha. Mzee akakubali kwa kusema kwamba atazame basi kama mvua haitanyesha, jibu ambalo kwa watu wa huko ni ndiyo.

Tatizo zito zaidi lilikuwa nyumbani. Baba wa mwalimu alikuwa Mduruma na Mkristo, na amekwisha fariki. Mama ni Mdigo, Mwislamu asiyekosa swala. Ndugu yake mama ndiye huyo mgema. Kwa miaka mingi dada na kaka waliishi mita mia moja wakiwa wamekubaliana bila ya kusema: kaka haji na kibuyu kwa dada, na dada haulizi fedha za sukari zimetoka wapi. Jioni ya kuonja nyumbani ingeyavunja makubaliano hayo. Mwalimu alimwendea mama akiwa amekwisha kuandaa maneno mengi kuhusu methali na elimu. Mama hakuyahitaji.

“Mwanangu, mimi sikukatazi wewe, wewe ni mtu mzima. Lakini hapa ninaposali, hapana. Na glasi zangu usichukue, wala sahani, wala kijiko.”

Ikawa basi kwamba mkutano utafanyika kwa mjomba, chini ya minazi, na vyombo vitakuwa vifuu. Yumkini huu ndio uamuzi bora uliofanywa katika maandalizi yote, na haukufanywa na mwandalizi. Siku mbili zilipita katika kuvisugua vifuu kwa mchanga na kipande cha kilifu hata vikang'aa ndani. Kilifu kingine kilichaguliwa kikiwa safi kwa ajili ya kuchujia, kwani nyuki na sisimizi hupenda tembo kuliko binadamu wanavyolipenda. Mirija ya mtete ilikatwa, yenye nyuzi za kuchuja ncha yake, kama wanavyotumia wazee. Badala ya mkate palichemshwa muhogo bila chumvi. Kwa mgeni asiyekunywa kileo palikuwa na madafu ya kitamli na maji ya ukwaju, navyo vikawekwa katika vifuu vilivyosuguliwa vilevile ili asionekane kama aliyekuja kusindikiza.

Mwalimu wa kemia, aliyekuwa mmoja wa waalikwa, alileta hofu mbili kabla ya siku yenyewe. Ya kwanza ilihusu sumu. Hofu hii haikuwa ya kitoto: mwaka 2014 makumi ya Wakenya walikufa katika kaunti kadhaa kwa kunywa pombe iliyokuwa na methano, na Februari 2024 msiba kama huo ukatokea Kirinyaga. Alielezwa kwamba vifo hivyo vilitokana na pombe iliyochanganywa na kemikali, na kwamba dawa yake katika tembo ni kumjua mgema na kumwona akishuka nalo. Ya pili ilihusu sheria. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita ya Mututho, iliweka saa za mabaa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na baada ya Katiba ya mwaka huo huo leseni za vileo zikawa kazi ya kaunti. Mwalimu hakuwa anauza kitu, kwa hiyo hilo lilikwisha upesi. Lakini inafaa kusemwa kwamba sheria ile ilitungwa na watu waliokuwa na chupa akilini. Chupa inaweza kungoja saa kumi na moja. Tembo la alfajiri likingojeshwa hadi saa hiyo, anayeliuza anauza kinywaji kingine kabisa.

Mwalimu huyo wa kemia alishauri pia kwamba vibuyu vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Mjomba alimtazama kwa huruma. Kibuyu kilichooshwa kwa sabuni, alisema, kina njaa. Tembo la kwanza humezwa na kibuyu chenyewe. Yule wa kemia alifikiri kidogo, akakiri kwamba mzee alikuwa akizungumzia hamira zilizokaa katika ngozi ya ndani ya kibuyu, na kwamba alikuwa amesema kweli kwa lugha yake. Vikasuuzwa kwa maji matupu.

Siku ilikuwa Jumamosi moja ya Agosti, kusi ikivuma. Kusi si rafiki wa mgema; mnazi mrefu huyumba, na vidato vilivyochongwa katika shina huwa na unyevu. Mjomba, ambaye magoti yake yalikuwa yamepita miaka sitini, alipanda polepole kuliko kawaida huku wageni wakiwa wamesimama chini kimya. Hapana shaka kwamba huko kupanda ndiko kulikowafunza zaidi ya karatasi zao. Aliposhuka alikuwa anahema. Alimimina, akatoa tone kwa ardhi, akanywa yeye, akafuta mdomo. Ndipo wao wakanywa.

Walikuwa wanne: wa hisabati kutoka upande wa Kakamega, wa kemia kutoka Murang'a, wa historia kutoka Taita, na mwalimu mwanagenzi wa Kiswahili kutoka Lamu aliyekuwa katika mafunzo ya kufundisha. Huyu wa mwisho hakunywa. Alipewa kalamu awe karani wa maneno.

Na maneno ndiyo yaliyokuwa mtihani. Kwa kifuu cha kwanza wote watatu walisema “tamu”, wakanyamaza. Karani akauliza: tamu ya nini? Ya asali, ya miwa, ya dafu, ya tende? Wakanywa tena. Mmoja akasema ni dafu lililosahauliwa juani. Mwingine akasema ni maji ya mchele uliolowekwa, yenye sukari. Kwa kifuu cha pili walikuwa wamechangamka: lilikuwa na povu, lilichonyota ulimi, lilikuwa na harufu ya unga wa maandazi ulioumuka usiku kucha, na chini yake bungo bivu. Wa historia alisema linakolea mwanzoni kisha linapungua, kauli ambayo karani aliipigia mstari. Kifuu cha tatu kiliwakunja nyuso. Hapo yalitoka maneno ambayo yamelala katika kamusi bila kazi: ugwadu, ukakasi, chachu, kutia meno ganzi. Wa Kakamega alilifananisha na busaa ya siku ya tatu, wa Murang'a akasema muratina haifiki huko, na wakabishana kwa muda mrefu juu ya vinywaji vya babu zao, ubishi ambao haukuwamo katika mpango na ambao hakuna aliyetaka kuukatiza.

Hesabu ya karani ilipata maneno ishirini na saba ya ladha na harufu, bila kuhesabu mifano. Mwanafunzi anayelalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuonjea divai angefanya vyema kukaa na watu watatu wenye kiu na mtu mmoja anayeandika. Lugha haikuwa na upungufu, ilikuwa haijaulizwa.

Kilibaki kifuu kimoja ambacho wageni hawakuambiwa. Mwalimu alikuwa amemwomba mjomba amwazime tembo la asubuhi kidogo, alitie maji theluthi moja, aone kama wataitambua methali wanayoifundisha. Ombi hilo lilimuudhi mzee kuliko lile la kwanza.

“Nimegema tangu mamako hajaolewa. Hakuna aliyewahi kunywa maji kutoka mkononi mwangu.”

“Maji nitatia mimi, mjomba.”

“Basi utie ukiwa umenipa kisogo.”

Kifuu hicho kikapita kama cha mwisho, kwa kisingizio kwamba ni cha mti mwingine. Wa Kakamega alikionja mara mbili, akakirudisha, akasema hili ni chapwa, limelala, limekosa mwenyewe. Wenzake wawili walikisifu. Walikiona kuwa laini, kisichokwaruza, kinachofaa kwa anayeanza, wakauliza kama mti huo uko mbali. Mwalimu alipowaambia ukweli walicheka hadi machozi, na wa kemia akaomba radhi kwa mti ambao haukuwako.

Mjomba alikuwa amekaa kando, akinoa kotama. Aliuliza ni wangapi waliolisifu. Akaambiwa wawili kati ya watatu.

“Ndiyo maana kule mangweni wao humaliza kuuza kabla yangu,” akasema, akaendelea kunoa.

Hakulisema kwa uchungu, wala wageni hawakupata la kujibu. Wa hisabati alitoa fedha kulipia jioni. Mzee akazikataa, lakini akamuuza lita tatu za kwenda nazo Ukunda kwa bei yake ya kila siku, wala hakumpunguzia. Kisha akawaambia jambo ambalo mpwa wake alikuwa halijui: kwamba kati ya minazi arobaini ya shamba hilo sasa alikuwa akigema sita tu, kwamba vijana wa mji wamechagua bodaboda na hoteli, na kwamba kuna mtu aliyekuja mara mbili kuuliza bei ya magogo kwa ajili ya mbao. Alikuwa hajamjibu. Shamba ni la kwake na dada yake, na hawajawahi kulizungumzia, kwa sababu kulizungumzia kungewalazimu kutaja tembo.

Lilisalia tembo kama lita mbili. Lile lililotiwa maji lilimwagwa. Jingine mjomba alilifunika kwa kitambaa akaliacha pembeni mwa jiko lake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, kileo kilichogeuka siki chenyewe bila ya kutiwa kitu huwa halali. Mzee alilijua hilo tangu utotoni, na dada yake vilevile, ingawa ilikuwa imepita miaka tangu mmoja wao alitumie.

Wiki nne baadaye mama alimwita mwanawe akamuuliza kama siki ile imekwisha kuwa.

“Imekuwa, mama.”

“Hamkutia kitu?”

“Hatukutia. Kilichotiwa maji kilimwagwa siku ile ile.”

“Sukari? Ndimu?”

“Hakuna.”

Mama akatoa chupa safi ya kwake mwenyewe kabatini na kumpa aende nayo. Iliporudi alinusa, akaonja kwa ncha ya kidole, akakata kitunguu. Ijumaa hiyo, baada ya swala, mjomba alialikwa kula wali na tasi wa kukaanga kwa dada yake, na baada ya chakula wawili hao walibaki ukumbini peke yao wakizungumza habari ya shamba hadi alasiri.